Funguo za Nyumba za Desemba

Siku nilipomwambia baba kwamba nimepata nafasi ya kusomea urubani Afrika Kusini, hakuuliza kama ndege zinaanguka, wala hakuuliza nitarudi lini. Aliweka kikombe chake cha chai mezani, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Utalala wapi?"

Nilidhani ni swali dogo. Nikajibu harakaharaka kwamba mambo ya malazi yatajulikana baadaye. Hapo ndipo nilipojiponza. Kwa baba yangu mtu haondoki nyumbani kabla hajajua kitanda anachokwenda kulalia, mwenye kitanda hicho ni nani, na jioni mlango unafungwa na nani. "Basi nenda kajue kwanza," akasema, akaendelea na chai yake.

Tulikuwa wawili tu nyumbani kwetu Mwika, baba na mimi. Mama alikuwa amefariki miaka minne kabla ya hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kitinda mimba, binti pekee nyuma ya wavulana watatu, na kila asubuhi nilishuka Moshi mjini kwenye kazi yangu katika kiwanja kidogo cha ndege. Kazi yenyewe ilikuwa kupima mizigo ya watalii. Nilisimama na mizani, nikaandika kilo, nikawaambia watu wazima wanene kwa Kiingereza cha adabu kwamba na wao pia inabidi wapande kwenye mizani.

Mgeni akifika kwetu kwa mara ya kwanza hudhani ameingia mtaa mzima. Ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, zimesimama nyumba nne. Moja ni ya baba, ya zamani, yenye chumba changu nyuma karibu na jiko. Nyingine tatu ni za kaka zangu. Wa kwanza yuko Dar es Salaam, wa pili Ujerumani, wa tatu Mwanza. Kila mmoja alipopata hela kidogo alijenga nyumbani, kwa sababu Mchagga asiye na pa kufikia Desemba ni mtu wa kusikitikiwa. Ile ya Ujerumani ina ghorofa. Vyumba vya kulala jumla ni kumi na kimoja, vyote vina vitanda vikubwa vya mbao, na watu hulala humo kuanzia Krismasi mpaka siku mbili tatu baada ya mwaka mpya. Kisha magari yanageuza, wanapunga mikono, na funguo zinarudi kwangu.

Zilikuwa funguo ishirini na sita kwenye waya mmoja. Kila Jumamosi nilizunguka nyumba hizo nikifungua madirisha ili zisiote ukungu. Nilitoa magodoro nje jua likiwepo, nikatoa panya waliokufa, nikapangusa televisheni zilizofunikwa vitambaa, nikahakikisha milango ya majokofu matupu imeachwa wazi yasinuke. Jioni nilifunga kila kitu nilichokifungua. Nilikuwa mhudumu wa hoteli isiyo na wageni, na kwa mila zetu kihamba hakirithiwi na binti, kwa hiyo hata hoteli yenyewe haikuwa yangu. Nyumba ya baba ingekwenda kwa kaka wa tatu, mvulana wa mwisho, ambaye tayari alikuwa na yake yenye vigae vyekundu. Wavulana wana nyumba, mimi nina funguo. Nilimwambia hivyo kaka mkubwa siku moja kwa utani, akacheka sana, akaniambia nisisahau kufungua na stoo.

Sasa nieleze ilikuwaje nikataka urubani, maana watu hudhani niliota tangu utotoni. Sikuota. Siku moja rubani wa ndege ndogo alikuwa anaijaribu baada ya matengenezo, kiti cha mbele kikawa wazi, akaniambia nipande. Tukazunguka juu ya miteremko kwa dakika ishirini. Nilipoitambua Mwika kwa mnara wa kanisa nilitafuta kwetu, nikaona mapaa manne, mekundu, ya bluu na ya bati lililopauka, yote madogo ya kuenea kiganjani. Paa moja tu lilikuwa linafuka moshi. Lilikuwa letu, baba alikuwa anachemsha mtori. Nilitazama lile paa mpaka ndege ikageuka, na moyoni nikajisemea waziwazi kabisa: mimi sitazeekea pale chini nikifungua madirisha. Hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye urubani. Mapenzi ya ndege yalikuja baadaye.

Kaka zangu sio wachoyo. Walifanya kikao cha simu, watatu kwa pamoja, wakakubali kunisomesha. Kaka mkubwa alisema kama ni kusomesha rubani, asome nje, ili habari ikifika kanisani iwe imefika vizuri. Lakini wakaweka sharti moja. Baba aridhike na mahali nitakapolala. "Mzee akiridhika, dogo, sisi tumeridhika," akasema, na wale wengine wawili wakaitikia. Nilifurahi kama mjinga. Baadaye sana, nikiwa na godoro kichwani katika nyumba ya ghorofa, ndipo nilipojiuliza kwa nini walikubaliana juu ya sharti hilo upesi hivyo, na katika kikao kile ni nani aliyeuliza, kwa sauti ya kupita tu, "Na nyumba atazifungua nani?"

Nilikuwa na vyuo vitatu vilivyonikubali. Mtu mwenye akili angelinganisha ndege zao, idadi ya walimu, hali ya hewa, muda wa kumaliza. Mimi nililinganisha vitanda. Nilikaa na simu yangu nikikuza picha za mabweni, nikihesabu makabati, nikitazama kama mlango una komeo. Nilichagua chuo cha urubani kwa macho ya mama mkwe.

Cha kwanza kilikuwa na ndege nyingi mpya na hakikuwa na bweni. Wanafunzi wa kigeni walipanga vyumba mjini, kila mtu na lwake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nyumba hiyo ya kupanga mwenyewe ni nani. Nikasema sijui, anapatikana kwa mtandao. "Nyumba isiyo na mwenyewe," akasema, na chuo hicho kikaishia hapo.

Cha pili kilikuwa na bweni, lakini katika picha ya ukumbi walionekana wavulana wawili wamekaa na kaptura. Baba aliazima miwani yangu ili aitazame vizuri ile picha. Alinirudishia simu na miwani, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kikabaki cha tatu. Kilikuwa mbali na mji, ndege zake zilikuwa za zamani kidogo, lakini bweni lake lilikuwa ndani ya uzio wa kiwanja chenyewe, upande wa wasichana una mlango wake, na mlezi alikuwa mama wa makamo aliyeishi humohumo. Niliandikiana naye. Akakubali kuongea na familia yangu kwa simu ya video. Akanieleza pia kwamba vyumba vya wasichana ni sita tu, vitano vimeshachukuliwa, na hicho cha sita atanishikia mpaka mwisho wa Novemba, maana masomo yanaanza Januari na wengine wanasubiri.

Baba akamwita shangazi apande kutoka Rau. Hilo nililitegemea, jambo la kuchunguza nyumba ya watu haliwezi kufanywa na mwanamume peke yake. Shangazi alifika Jumapili amevaa kitenge cha harusini, akakaa mbele ya simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai, akamsalimia yule mlezi kwa heshima zote, nami nikatafsiri. Ungedhani yeye na baba wamekuja kutazama ukwe, na bwana harusi ni bweni.

Shangazi akauliza kama kuna kanisa karibu. Lipo. Nani anapika? Kuna mpishi, na jikoni wasichana wanaruhusiwa kujipikia. Ndizi zinapatikana? Mlezi akafikiri, akasema ndizi za kuiva zipo nyingi. Shangazi akanigeukia kwa huruma. "Mwambie sisi tunasema ndizi za chakula," akasema. Nikamwambia. Mlezi akaahidi kuulizia sokoni, na shangazi akaonekana ameridhika kwamba huyu ni mtu.

Kisha mlezi akatembea na simu mpaka kwenye chumba chenyewe. Kitanda cha mtu mmoja, meza, taa, kabati, na dirisha linalotazama njia ya ndege. Nilikitamani chumba kile mpaka nikaona aibu mbele ya wazee. Baba akainama karibu na simu. "Muulize ufunguo wa chumba anakaa nao nani."

Nikauliza. Mlezi akasema mwanafunzi anakaa na wake, na yeye anao wa akiba, ambao hautumii bila kubisha hodi.

Yalikuwa majibu mazuri, hakuna mzazi ambaye angeyakataa, na shangazi alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nilimwona baba anatafuta. Macho yake yalizunguka kile chumba kwenye kioo cha simu, pembe kwa pembe, mpaka yakapata. "Dirisha ni dogo," akasema.

Nilisubiri mpaka shangazi ameshuka na mkungu wake wa ndizi begani kwa bodaboda, ndipo nikamrudia baba. Nilimuuliza dirisha linataka kuwa la ukubwa gani. Akasema hewa ni jambo la msingi. Nikamwambia siendi kule kukausha kahawa. Akasema tusubiri Desemba, kaka zangu wakija tutakaa wote tuzungumze. Nikamwambia Desemba chumba hakitakuwepo, mlezi kasema mwisho wa Novemba, baba ulisikia kwa masikio yako. Akasema, "Vyumba haviishi duniani," akainuka akaenda kumtazama ng'ombe. Nilimchukia. Ilikuwa kwa muda mfupi, lakini ilikuwa chuki kweli, na niliionea haya kwa miaka mingi.

Ziko njia za kuondoka bila ruhusa, najua. Hati ya kusafiria nilikuwa nayo. Lakini bila baba kuridhika kaka zangu wasingetoa kitu, na bila baraka ya baba mimi mwenyewe nisingeweza kupanda ndege. Nilikuwa nimebanwa kotekote na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyesema hapana. Ungemuuliza yeyote katika ukoo wetu, angekwambia yuko upande wangu. Usiku nilihesabu siku za Novemba, na mchana nilipima mabegi ya watu wanaokwenda.

Hasira ikanitafutia kazi: niliacha kufungua nyumba. Jumamosi ya kwanza nilisema nina homa. Ya pili sikusema kitu. Ya tatu mvua za vuli zilikuwa zimekolea, mlima haujaonekana kwa wiki nzima, kila kitu kinatoa maji, na mimi nilijua vizuri kabisa nyumba zilizofungwa zinafanya nini katika hali hiyo. Nilijua ukungu unaanzia kwenye kona ya nyuma ya kabati la kaka mkubwa. Nikauacha uanze. Waya wa funguo niliutundika kwenye msumari mlangoni kwa baba, mahali ambapo hawezi kutoka bila kuuona, nikashuka Moshi kuchukua cheti cha afya ambacho sikuwa na hakika kama nitakitumia.

Nilirudi saa saba mchana. Waya haukuwepo msumarini, na baba hakuwepo jikoni wala zizini. Kisha nikaona madirisha ya kaka mkubwa yako wazi, yote, na ya Mwanza pia. Nikaingia mbio nyumba ya ghorofa kwa sababu baba ana nyonga mbovu, na ngazi zile kaka alizibandika vigae vinavyoteleza. Nilipanda nikiita. Nikamkuta chumba cha juu, kile kikubwa chenye roshani, amelala chali juu ya kitanda kisicho na shuka, na viatu vyake vya mpira amevivua akavipanga vizuri mlangoni.

Nikamwita tena. Akageuza kichwa. "Nimepumzika tu," akasema. "Hiki ni cha tatu. Vile vingine viwili ni laini mno."

Nikakaa pembeni ya kitanda. Kulikuwa na harufu ya godoro bichi. Funguo zote ishirini na sita zilikuwa juu ya kifua chake, zinapanda na kushuka.

"Unajua kitanda hiki kimelaliwa siku ngapi tangu kinunuliwe?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Hata mwezi mmoja haujatimia. Kaka yako aliniambia, baba, najenga ili niwe karibu nawe. Na mkubwa alisema hivyohivyo. Na yule wa Mwanza." Akatazama dari. "Kila aliyeondoka alinijengea nyumba."

"Baba, mimi naenda miezi kumi na minane."

"Wewe utamaliza, utapata kazi nzuri, utanionea huruma. Utajenga." Alisema kwa upole, bila kulaumu. "Unafikiri mimi naogopa dirisha? Yule mama ni mtu mwema, nilimwona. Naogopa nyumba ya tano. Sina nguvu za kuifungua."

Nilikuja na maneno ya kugombana, na yote yakawa hayana pa kukaa. Nilimsaidia kushuka ngazi, kidato kwa kidato, kisha tukafunga madirisha pamoja, yeye chini na mimi juu, kwa sababu mvua ilikuwa inarudi.

Kesho yake, Jumapili, tulipotoka kanisani, baba alinyoosha hadi kwenye mpaka wa kihamba, pale masale yalipopandwa na babu kuonyesha mwisho wa shamba letu. Nilimwona kupitia mlango wa jiko anakata jani moja. Analifunga fundo. Wasiotoka kwetu huona ni jani tu la mpakani, jembamba, la kijani. Lakini mtu akikuletea isale, yaani jani hilo, lililofungwa anakuomba radhi au anakuomba jambo zito, na ukiletewa hukatai. Watu waliouliana ndugu wamesamehewa kwa isale. Sijawahi kumwona mzazi akimpa mtoto, na sijakutana na aliyewahi kuona.

Alikuwa anakuja taratibu, akichechemea, jani mkononi, na mimi nilikuwa najua ninachokwenda kuombwa. Nilifikiria kukimbia. Mtu mzima mimi, nikafikiria kutokea mlango wa nyuma nipite kwenye migomba mpaka barabarani, ili asinikute. Maana akishanipa, biashara imekwisha: nitabaki, na nitabaki bila hata haki ya kununa.

Akasimama mbele yangu, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Nimekuzungusha," akasema. "Nisamehe. Nenda kwenye chumba chako. Nitamwambia kaka yako leo nimeridhika." Nikanyoosha mkono, lakini hakuliachia jani. "Ila nakuomba neno moja kwa isale hili. Usijenge. Ukija, ulale kwangu, kwenye kitanda chako. Usinijengee nyumba."

Nililia kwa furaha, nikamshukuru kwa lugha yetu, aika, baba, aika. Lilionekana ombi jepesi kuliko yote ambayo mzazi aliwahi kumwomba mtoto. Ningeahidi mara kumi. Nikalipokea.

Chumba cha sita kilikuwa bado kipo. Januari nilikifungua kwa ufunguo mmoja, usio na waya wala wenzake, na kwa wiki ya kwanza nilitembea nao mfukoni nikiugusagusa. Sitaeleza masomo, yalikuwa magumu, nikafaulu. Ndizi za chakula mlezi alizipata, zilikuwa zimechoka lakini nilizila. Kila Jumapili baba alipiga simu, na kabla ya salamu nyingine aliuliza kama nimefungua dirisha. Siku moja nikalipima kwa viganja. Nilipopata wiki moja ya kurudi nyumbani nikapima na la chumba changu cha Mwika, nikamwambia, baba, lile la kule ni kubwa kuliko hili nililokua nalo. Akaendelea kumenya ndizi. "Najua," akasema.

Nilipata kazi kwenye ndege ndogo zinazobeba watalii na mizigo, kituo changu Arusha. Kila Desemba nilikwenda nyumbani. Mawifi zangu, wake za kaka zangu, pamoja na ndugu zao walifurika kwenye vyumba kumi na kimoja, na mimi nikalala kwa baba, nyuma ya jiko. Waliniuliza rubani mzima hujengi? Nikawajibu niko kwenye mipango. Baba alikuwa akisikia, anainamisha kichwa kwenye bakuli lake la mtori. Madirisha siku hizo alikuwa akiyafungua mwanamke mmoja jirani, kwa malipo, naye hakuyajali kama nilivyoyajali mimi.

Baba alifariki mwaka juzi. Alifia kitandani kwake, na mimi nilikuwepo.

Desemba iliyopita tulikaa kikao, watoto wote wanne, uani. Kaka wa tatu, yule wa Mwanza, ndiye mwenye nyumba ya baba sasa. Akatueleza kwa utaratibu kwamba imechoka, ukuta wa nyuma umepasuka, na magari siku hizi yamezidi nafasi. Alitaka kuibomoa baada ya mwaka mpya, mahali hapo pawe pa kuegesha. Kisha akanigeukia, na nikaona uso wake umejaa furaha ya mtu mwenye zawadi.

"Na wewe hatujakusahau," akasema. "Tumekubaliana sote watatu. Kile kipande cha chini, karibu na mfereji, ni chako. Binti au si binti. Jenga hata vyumba viwili, utakavyo."

Kaka mkubwa akapiga makofi. Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa uzito wa maneno yale. Binti kupewa sehemu ya kihamba na kaka zake, bila kuomba, bila kesi. Kitu nilichokuwa nimekilia kimoyomoyo tangu nina miaka kumi na miwili kilikuwa mbele yangu.

"Siwezi kujenga," nikasema.

Wakacheka, wakidhani naona haya. Kaka wa tatu akaniuliza, kama sitajenga, na nyumba hii haipo, basi nikija nitalala wapi?

Hapo ndipo nilipoinuka nikaenda chumbani kwangu. Nilitoa lile isale katika kitabu ninachoandikia saa zangu za kuruka, limekauka, limekuwa rangi ya chai, fundo bado limeshika. Nikaliweka mezani katikati ya bilauri za pombe ya mbege. Nikawaeleza neno kwa neno alilosema baba, tangu la nyumba ya tano. Hakuna aliyeligusa lile jani. Kaka wa Ujerumani, ambaye huwa ana maoni juu ya kila kitu, alitazama ghorofa yake kisha akatazama chini.

"Baba alikufunga," kaka mkubwa akasema hatimaye.

"Alinifunga."

Niliwaonea huruma, maana niliona kila mmoja anasikia upya yale aliyomwambia baba siku alipochimba msingi. Kisha kaka wa tatu akaingiza mkono mfukoni. Alitoa ufunguo wa nyumba ya baba, ule mrefu wa kizamani wenye uzi mwekundu aliokuwa ameufunga mama.

"Basi haitabomolewa," akasema. "Sitaivunja nyumba ya mtu mwenye isale. Lakini haiwezi kukaa imefungwa, itaoza. Na mimi siwezi kuifungua kutoka Mwanza." Akauweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

Niliporudi kazini Januari nilikuta nimepangiwa safari Jumamosi ya kwanza. Nikabadilishana zamu na mwenzangu. Akaniuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia naenda kufungua madirisha.